Hakimiliki: Kenya Ibaki na Miaka 50

Mwisho wa mwaka 2028 maandishi ya Jomo Kenyatta yatatoka kwenye hakimiliki hapa Kenya. Alifariki Agosti 1978, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote, kisha miaka 50 inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Tarehe 1 Januari 2029 mchapishaji yeyote wa Nairobi ataweza kukitoa upya kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, kukitafsiri au kukiweka kwenye intaneti bila kuomba ruhusa. Tukifuata miaka 70 ya Ulaya, atangoja hadi 2049.

Wanaotaka muda urefushwe wana hoja moja nzito. Umoja wa Ulaya hulinganisha muda: kazi ya mwandishi asiye raia wao, iliyotoka kwanza nje ya Umoja, hailindwi huko zaidi ya inavyolindwa katika nchi ilikotoka. Riwaya iliyotolewa Nairobi hupata miaka 50 nchini Ujerumani, ilhali ya Mjerumani hupata 70. Huko ni kupunjwa, japo ni vitabu vyetu vichache mno vinavyouzwa Ulaya nusu karne baada ya mwandishi kuzikwa.

Hoja ya kwamba muda mrefu huwatia waandishi moyo haisimami. Shilingi 1,000 za mrabaha zitakazolipwa miaka 60 ijayo, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, leo zina thamani ya shilingi 3 na senti 30 hivi. Hakuna anayekesha akiandika kwa ajili ya hizo. Na aliyekwisha kufariki haongezi hata ukurasa. Hata hivyo Marekani ilipoongeza miaka 20 mwaka 1998 ilizijumuisha kazi za zamani, na Mahakama ya Juu ikaridhia mwaka 2003.

Hasara kubwa huangukia vitabu visivyo na umaarufu. Hakimiliki hurithiwa kama shamba: mchapishaji akitaka kurudisha sokoni diwani ya miaka ya sitini, lazima ampate msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mara nyingi familia haikufungua kesi ya mirathi, au watoto wa nyumba mbili hawaelewani, au kampuni iliyotoa kitabu ilifungwa na mkataba ukapotea. Toleo la nakala 1,000 haliwezi kubeba gharama za wakili. Kitabu hubaki bila kuchapishwa, na warithi wenyewe hawapati kitu.

Hiyo miaka 50 nayo ina mitego yake. Shakespeare ni mali ya umma, lakini tafsiri za Julius Nyerere, aliyefariki 1999, zinalindwa hadi mwisho wa 2049. Wimbo una haki mbili: rekodi ya Daudi Kabaka iliyofanywa 1966 ilimaliza miaka yake 50 mwisho wa 2016, ila utunzi wake, kwa kuwa alifariki 2001, una ulinzi hadi mwisho wa 2051. Ukiipiga rekodi hiyo hadharani bado unahitaji leseni ya utunzi. Maandishi ya Tom Mboya yamekuwa huru hapa tangu 1 Januari 2020, lakini anayeyauza mtandaoni kwa wasomaji wa Uingereza aangalie sheria ya huko kwanza. Muda huhesabiwa kwa sheria ya nchi unakouza.

Ikibidi turefushe, tuige angalau busara ya Kanada, ambayo mwishoni mwa 2022 iliongeza miaka 20 bila kuzifunga tena kazi zilizokwisha kuwa huru. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hauiamulii nchi jinsi ya kuzilinda kazi zilizotoka kwake yenyewe, kwa hiyo Kenya inaweza kuwadai warithi wa kazi za Kikenya wajiandikishe kabla ya kupata miaka ya ziada. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, tayari ina daftari la kusajili kazi. Iongeze humo mwaka wa kifo, jina la msimamizi na anwani yake, kisha iliweke wazi ili mchapishaji ajue wa kumwandikia. Asiyejiandikisha, kazi yake iwe huru mwaka wa 51.