Muache mbwa anuse kwanza, mafuta yatakuja baadae

Nianze na kitu kinachonikera kwenye mchezo wa kunusa, ule ambao mbwa anatafuta harufu ya mafuta ya mimea iliyofichwa. Kila mara nakutana na mtu kanunua chupa za mafuta ya mti wa betula na karafuu na vikopo vya sumaku vya kufichia harufu, kalipia na mashindano kabisa, wakati mbwa wake bado hajajua anatafuta nini, alafu mwezi ukiisha analalamika eti mbwa hana pua. Mbwa ana pua jamani. Tatizo ni haraka yetu sisi.

Mimi nimezaliwa Morogoro, sasa hivi naishi Ohio, na Tunu nilimchukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa miaka mitatu iliyopita. Alikuwa anaogopa kila kitu yaani, mwanaume mwenye kofia, mlango wa gari ukibamizwa, mbwa mwenzie hata akiwa ng'ambo ya barabara. Tulienda darasa la kawaida la utii mara mbili tu, mwalimu akaniambia huyu hafai kukaa na wenzie. Iliniuma sana. Ndo mama mmoja jirani akaniambia jaribu mchezo wa kunusa, kule mbwa anaingia peke yake.

Na ni kweli, hapo ndo mchezo huu umenishika. Ulianzia California mwaka 2006, Ron Gaunt, Amy Herot na Jill Marie O'Brien walitaka mbwa wa nyumbani naye apate kazi kama ile ya mbwa wa polisi, ila badala ya madawa ya kulevya au mabomu anatafuta harufu ya mafuta ya mimea. Chama chao cha mchezo huu, NACSW, kilifanya mashindano ya kwanza 2009, na AKC, chama kikubwa cha mbwa cha Marekani, nao wakaanzisha ya kwao 2017. Mbwa wengine wanasubiri kwenye magari, wa kwako anaingia, anatafuta, mnatoka, na kama mbwa wako hataki kusogelewa anafungwa kitambaa chekundu shingoni watu wanampisha bila maswali. Kwa hiyo mbwa mzee anaweza, mwoga anaweza, hata mwenye miguu mitatu anaweza.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe, yanaanza na maboksi. Wiki za mwanzo hakuna mafuta yoyote, unachukua maboksi ya kadibodi hata nane, unayatawanya chini, moja unaweka vipande vya kuku, alafu unamwachia mbwa na wewe unanyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu. Usimwonyeshe kwa kidole, usimwite, usisimame jirani na boksi lenye kuku maana mbwa anakusoma wewe kuliko unavyodhani, mwisho anajifunza kutafuta macho yako badala ya harufu. Tunu siku ya kwanza alikaa kwenye kona kama dakika nne nzima anatazama tu, mimi nimekaa kwenye kiti kimya, akasogea hatua moja, akarudi, akasogea tena, akaingiza kichwa kwenye boksi akala. Wiki ya tatu alikuwa anaingia mwenyewe mkia juu. Maboksi tu tulifanya miezi mitatu, na naamini hiyo miezi ndo ilimjenga, sio mafuta.

Sisi wa Morogoro hili lisitushangaze. Wale panya buku wa shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanaonusa mabomu ya ardhini na vimelea vya TB, wanafundishwa hivo hivo, harufu, mlio mdogo wa kubofya, kipande cha ndizi, tena na tena. Mmoja wao, Magawa, aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia alifundishwa Tanzania. Hakuna aliyemharakisha yule panya.

Mafuta yakija kwenye NACSW ni matatu, betula, anisi na karafuu, unaanza na moja. Pamba za masikio zinakatwa vipande, zinawekewa tone moja mbili kwenye chupa, alafu kipande kinawekwa kwenye kikopo chenye matundu, unakiweka pamoja na kuku mpaka mbwa aelewe hiyo harufu ndo inaleta chakula. Shika kwa kibano na glovu, yale mafuta ni makali, na ukigusa kikopo alafu ukagusa mlango, mlango nao umeshanuka. Mtihani wa kwanza ni maboksi 12, moja lina harufu, mbwa akionyesha wewe unamwambia jaji hapa.

Kwenye mtihani wetu wa kwanza Tunu alisimama boksi la tano, akaliganda, na mimi nikamvuta twende, nilijiambia mapema mno haiwezi kuwa hilo. Tukaenda mpaka mwisho nikataja boksi la kumi, jaji akasema hapana. Lilikuwa la tano. Nililia kwenye gari, kwa sababu mbwa aliyeogopa dunia nzima alikuwa ameniambia ukweli mimi nikamkatalia. Toka siku hiyo kamba naishika legelege.

Kitu kingine watu hawakifundishi vya kutosha ni upepo. Harufu inakwenda kama moshi wa jikoni, inapita chini ya mlango, inagonga ukuta, inajaa kwenye kona ambayo haina kitu. Mbwa akihangaika kwenye kona tupu hajakosea, anaikuta harufu iliyotoka kwingine na anaifuata mpaka ilikotoka, mpe muda. Mimi siku hizi kabla ya kuanza naangalia feni iko wapi na dirisha gani liko wazi.

Mwezi wa nne tuliingia NW1, ngazi ya kwanza ya mashindano ya NACSW, siku moja mitafuto minne, maboksi, ndani ya chumba, nje, na magari. Chumbani palikuwa darasa la watoto, Tunu alienda moja kwa moja chini ya meza ya mwalimu akaganda, nikasema hapa, jaji akasema ndio. Jaji alikuwa mwanaume, kavaa kofia, kasimama kama mita mbili kutoka kwake, na Tunu hata hakugeuka kumtazama. Kwenye magari tulikosea, na taito, yaani cheo cha kufaulu ngazi hiyo, inataka yote manne siku moja, kwa hiyo hatukuipata. Mwezi wa kumi tunarudi, na jioni hizi tunazunguka gari la jirani, kanipa ruhusa, namwekea kikopo nyuma ya tairi.