Petunia zilihukumiwa, krisanthemamu zikapita

Mwaka 2015 mtafiti wa mimea, Teemu Teeri, aliona maua ya petunia ya rangi ya machungwa karibu na kituo cha treni cha Helsinki, Finland, akashtuka, maana petunia kwa asili haina rangi hiyo. Kuzipima, akakuta jeni ya mahindi ambayo watafiti wa Ujerumani waliitia kwenye petunia miaka ya 1980. Mwaka 2017 wauzaji wa Ulaya na Marekani wakatakiwa kuziondoa sokoni na kuziharibu kwa kuwa zilikuwa GMO, yaani mimea iliyobadilishwa jeni, zisizo na kibali, ingawa Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe ilisema hazina hatari kwa watu wala mazingira. Marekani ilikuja kuziruhusu 2021.

Muda wote huo, maua yaliyozalishwa kwa kupigwa mionzi ili jeni zake zibadilike, krisanthemamu zikiwemo, yaliuzwa bila mtu kuuliza chochote. Mimi sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na sheria.

Teknolojia yenyewe ni kongwe. Mwanasayansi wa Marekani, Hermann Muller, alionyesha mwaka 1927 kwamba eksirei hubadili jeni za nzi wa matunda, na miaka michache tu baadaye Waholanzi walikuwa wanapiga eksirei vitunguu vya tulipu. Leo kinachotumika sana ni mionzi ya gama kutoka kobalti-60, aina ya metali inayotoa mionzi. Mmea haubaki na mionzi: gama hupenya, hukatakata DNA, imekwisha. Seli hujiunga upya, na mara nyingine hukosea. Makosa hayo ndiyo mtaji wa mzalishaji.

Na mengi ni ya kuharibu. Krisanthemamu ya rangi ya pinki ikiharibikiwa na jeni ya kutengeneza rangi, hutoka nyeupe. Ninachokipenda zaidi ni kinyume chake: krisanthemamu nyeupe kwa kawaida ina kimeng'enya kinachosaga rangi ya njano kwenye petali. Vunja kimeng'enya hicho, njano inabaki. Kwa hiyo kuharibu kunaweza kuzaa rangi. Kisichowezekana ni kuleta kitu ambacho mmea haukuwahi kuwa nacho. Waridi halina njia ya kutengeneza delfinidini, rangi inayoyapa maua mengi ubuluu wake, na unaweza kulipiga gama hadi life, hutapata waridi la buluu.

Kazi ngumu huanza baada ya mionzi. Badiliko hutokea kwenye seli moja, si mmea mzima, kwa hiyo ua hufunguka likiwa na kipande tu cha rangi mpya: petali mbili tatu za njano katikati ya nyeupe, au petali moja iliyogawanyika katikati kama iliyochovywa. Ukikata tawi na kupanda ovyo, kipande hicho hupotea. Mtaalamu huchukua petali zile zile zenye rangi mpya, akazikuza maabara mpaka zitoe chipukizi, ndipo apate mmea wenye rangi moja. Uvumilivu huo unastahili heshima kuliko mashine ya gama.

Sasa turudi kwenye sheria. Petunia ile iliongezewa jeni moja inayojulikana jina, chanzo na kazi yake. Krisanthemamu ya gama ina mabadiliko ambayo hakuna aliyeyahesabu. Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Julai 2018 kwamba mbinu za zamani za mionzi na kemikali zinabaki kwenye msamaha wa sheria ya GMO kwa kuwa zina historia ndefu ya usalama, lakini mbinu mpya za kubadili jeni kwa usahihi zifuate masharti yote ya GMO. Historia ni hoja nzuri ya kuyaachia maua ya gama. Haitoshi kuyahukumu mengine kwa kuangalia tu yalikopitia.

Mimi ningeuliza maswali mengine. Chavua yake inaweza kurutubisha jamaa zake wa porini? Litageuka gugu? Lina sumu ambayo mzazi wake hakuwa nayo? Ua likijibu vizuri, liuzwe, liwe limepigwa gama, limetiwa jeni au limepatikana kwa bahati shambani.