Ndoo zilibaki, kipimo kikarudi kwao

Mwaka 2020, Korona ilipopamba moto, nilipita kwenye kijiji kimoja cha miteremko ya Mlima Meru nikakuta nje ya kila duka ndoo nyeupe ya lita 20 yenye koki, na kipande cha sabuni pembeni. Ndoo zile nilizijua. Miaka michache nyuma nilikuwa mkalimani wa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha nje waliokuja kuzigawa, na hazikuletwa kwa ajili ya kunawa mikono. Yalikuwa machujio ya maji.

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4, na bado kuna vyanzo vilivyopita hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yangali yanajiunda ndani ya ufizi, yatamtoka ya kahawia. Yakizidi sana, hata miguu hupinda. Ukifika Dar ukacheka tu, mtu anakuambia: wewe wa Arusha.

Dawa yake mojawapo ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri, inasagwa chengachenga, kisha maji yanapitishwa humo. Moto ukiwa hafifu maji yananuka. Ukizidi, mkaa unapoteza nguvu ya kunasa. Vijana wale walilijua somo lao, na kwa kazi hawakuwa wavivu hata kidogo.

Lakini mkaa huchoka. Ukishajaa haunasi tena, na floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Chujio lililokufa linatoa maji yanayong'aa sawasawa na ya chujio jipya, na mama anampa mwanawe akiwa na amani moyoni. Bila kupima hujui. Kipimo kilikuwa kimoja, kidogo kama simu, kinalala kwenye kisanduku chenye sponji. Siku ya kuagana kilifutwa vizuri, kikafungwa, kikaingia begini. Kilikuwa mali ya chuo.

Siwalaumu sana vijana. Nailaumu kalenda yao. Walikuja kwa wiki nane kwa sababu likizo yao ni ya wiki hizo, na ziliangukia wakati wa kuvuna mahindi, kwa hiyo waliohudhuria mafunzo ni wazee na watoto. Wiki ya kwanza iliishia kwenye salamu, ya mwisho kwenye sherehe. Ngurdoto, mwendo wa daladala tu, kuna kituo cha Wizara ya Maji kinachotafiti namna ya kuondoa floraidi, na kimechoma mifupa miaka mingi. Pale Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambako Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio lililompa mwaka 2015 tuzo ya uhandisi kwa Afrika, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Ngurdoto walipelekwa wiki ya saba, kama matembezi, katikati ya Ngorongoro na soko la vinyago.

Kuna bibi mmoja alikaa kimya mafunzo yote. Mwishoni akanivuta shati. "Mwanangu, hebu waulize, na magadi wameyapima?"

Nikatafsiri. Wakatazamana. Magadi hawakuyajua. Sisi tunayatia kwenye maharage na makande yalainike upesi, na magadi ya upande wa Ziwa Natron yana floraidi tele. Maana yake maji unayachuja asubuhi, jioni unairudisha floraidi kwa kijiko. Binti mmoja aliandika neno hilo kwenye daftari, akalipigia mstari mara mbili. Ilikuwa imebaki siku nne.

Na sisi tuna letu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tunampa kanga na kumsomea risala. Hakuna aliyeuliza mkaa wa pili utanunuliwa na nani, kwa bei gani. Mwenyekiti hakuuliza. Kamati ya maji haikuuliza. Mimi nililipwa kwa siku, nikafyata.

Ningekuwa na kauli, mwanafunzi angekuja bila mradi. Aje awe msaidizi wa fundi wa Ngurdoto, abebe mifupa, aoshe vyombo vya maabara, na hela ya ndoo iingie kwenye akaunti ya chombo cha maji cha kijiji. Na ripoti iandikwe kwa Kiswahili. Wahandisi Wasio na Mipaka wa Kanada walianza mwaka 2008 kuchapisha kila mwaka ripoti ya mambo waliyoshindwa, jambo ninalowaheshimia. Ya kwetu sijaiona. Nadhani ndani yake tumefanikiwa sana.

Wiki iliyopita mtendaji wa kijiji alinipigia simu. Kundi jingine linakuja Juni, chuo kingine, machujio yaleyale, na wananihitaji kwa ukalimani. Nikamwambia nitakuja, ila kwanza awaandikie kuwauliza kipimo kitabaki au kitaondoka.

"Kipimo gani tena, kaka?" akasema.

Nikaanza kumweleza upya, tangu mwanzo.