Gold ya Nini, na Umeme Wenyewe Huu?

Kwa hesabu ya LUKU peke yake, fundi wangu wa Kariakoo yuko sahihi, na inaniuma kukiri. Nilimpelekea kompyuta yangu ya mezani iliyokuwa ikivuma kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili, nikamwambia nataka pawasaplai ya kimya, kile kisanduku cha kuilisha kompyuta umeme, yenye alama ya ufanisi ya 80 PLUS Gold. Akacheka. "Dada, Gold ya nini, na umeme wenyewe huu? Chukua hii ya kawaida, hela inayobaki nunua stabilaiza."

Ile ya kawaida ilikuwa boksi jepesi la bati, imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Ubavuni kwenye jedwali la herufi ndogo, laini ya volti 12 imeandikwa ampea 14. Zidisha: 12 mara 14 ni wati 168. Prosesa na kadi ya grafiksi hula kwenye laini hiyohiyo, kwa hiyo zile wati 600 zilikuwa za kwenye stika tu. Lakini tusimwonee fundi kwa sababu ya boksi moja. Hoja yake ina uzito.

Kazi ya pawasaplai ni kupokea volti 230 za ukutani na kuzishusha kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo madabodi inaweza kuzitumia. Hakuna inayofanya kazi hiyo bila kupoteza umeme njiani, na unaopotea unageuka joto. Alama ya 80 PLUS, iliyoanzia Marekani mwaka 2004, hupima hasa upotevu huo. Kwa vipimo vya volti 115, Bronze inatakiwa ifikishe asilimia 85 ikiwa imebeba nusu ya mzigo wake, na Gold asilimia 90. Kwenye volti 230 kama zetu, matokeo huwa mazuri zaidi kidogo.

Sasa tupige hesabu. Kompyuta yangu ikiwa kwenye kazi ya kawaida ya kuandika na kuhariri sauti, tuseme inahitaji wati 80. Pawasaplai isiyo na alama yoyote, tuipe asilimia 75, itavuta wati 107 ukutani. Bronze itavuta 94. Gold, nikiwa mkarimu, 89. Kwa saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, Gold inaniokolea uniti 43 hivi dhidi ya lile boksi. Kwenye daraja la T1, la watumiaji wa kawaida, uniti ni shilingi 292, ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika kama 356. Jumla: shilingi 15,200 kwa mwaka. Tofauti ya bei ikiwa, kwa mfano, shilingi 150,000, nasubiri miaka kumi kurudisha hela yangu. Na kutoka Bronze kwenda Gold, akiba ni shilingi 4,500 hivi kwa mwaka mzima. Hata bando la wiki ni la mawazo.

Aliye kwenye D1, daraja la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, anaokoa pungufu ya hapo, maana uniti yake ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ila kwake kuna jambo jingine. Kompyuta inayovuta wati 107 kwa saa 200 za mwezi inakula uniti 21, zaidi ya robo ya zile 75. Friji ipo, pasi ipo, watoto na televisheni wapo. Hapo uniti tatu na nusu za tofauti zinaweza kuwa ndizo zinazomvusha mstari, na ukishauvuka mstari ule, kila uniti ya ziada inauma. Kwa mwenye steshenari yenye kompyuta kumi zinazowaka saa 12, siku 300, picha inabadilika kabisa: kwa hesabu ileile anaokoa kama shilingi 228,000 kwa mwaka. Huyo simshauri aende na fundi wangu.

Lakini mimi sikwenda Kariakoo kutafuta akiba ya LUKU. Narekodi sauti nyumbani, Tabata: matangazo madogo, simulizi za redio, sauti za kuweka juu ya video. Kipaza sauti kinasikia kila kitu. Na hapo ndipo yale maneno mawili, ufanisi na ukimya, yanapogeuka kuwa jambo moja.

Rudi kwenye hesabu ileile. Ikitoa wati 80, pawasaplai ya asilimia 75 inageuza wati 27 kuwa joto ndani ya tumbo lake. Gold inageuza 9. Feni ya kwanza ina joto mara tatu la kutoa nje, kwa hiyo lazima izunguke kwa kasi, na feni inayokwenda kasi inapiga kelele. Ongeza kwamba boksi la bei ya chini mara nyingi lina feni ya bushi ambayo mafuta yakikauka inaanza kukwaruza, na bodi yake haina akili ya kupunguza mzunguko mashine ikiwa imetulia. Feni kubwa ya milimita 135 au 140 inasukuma hewa ileile kwa mwendo wa pole. Ndiyo maana zile pawasaplai nyembamba za kompyuta ndogo, zenye feni ya milimita 80, huwa na sauti ya nyembe hata kama zina alama nzuri.

Wanaotetea Gold husahau kutaja kwamba alama ile haipimi kelele hata kidogo. Unaweza kununua Gold inayovuma. Vipimo vyenyewe pia hufanyika kwenye joto la nyuzi 23 hivi, na anayeishi Dar mwezi Februari anajua nyuzi 23 ni za kwenye ofisi ya mtu mwenye kiyoyozi. Chumbani kwangu saa nane mchana ni 32, na ndani ya keisi ni zaidi. Kuna wapimaji wengine, Cybenetics, ambao huipima pawasaplai ikiwa kwenye joto la nyuzi 30 hivi, na huipa daraja la kelele peke yake: A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni kati ya 15 na 20, A ni kati ya 20 na 25. Mimi ningeangalia hiyo kwanza, halafu ndiyo niulize kama ni Bronze au Gold.

Ila niwe mkweli: ukimya kwa nani? Wengi wetu tunafanya kazi chini ya pangaboi, dirisha liko wazi, bodaboda inapita, jirani kafungulia singeli. Ukimpa mtu wa namna hiyo pawasaplai ya desibeli 18 hatasikia tofauti na ile ya 28. Na mara nyingi kelele hata haitoki huko: ni feni ya prosesa iliyojaa vumbi, au diski ngumu (hard disk) ya zamani inayotetemesha bati. Kabla hujatoa hela, zima mashine, ipulize vumbi, kisha iwashe keisi ikiwa wazi na usogeze sikio. Nusu ya kompyuta zinazosemwa "pawasaplai yake inapiga kelele" zingepona hapo. Hiyo nusu nimeipima kwa jicho tu, lakini naisimamia.

Zipo pia zile ambazo feni yake inasimama kabisa mzigo ukiwa mdogo. Kwangu mimi hiyo ni neema usiku wakati wa kurekodi. Wanaoipinga wanasema joto la Dar halitaki feni iliyolala, na wana hoja, kwa sababu kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme ndani yake, huzeeka kwa joto: kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu hivi. Ndiyo sababu pawasaplai nzuri hutumia kapasita za nyuzi 105 badala ya 85. Nilikotua mimi ni hapa: nyingi zina kitufe nyuma cha kuchagua. Mchana feni izunguke polepole muda wote, usiku ilale.

Turudi kwa fundi, kwenye hoja yake nzito zaidi: umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeturudishia usingizi baada ya mgao, lakini umeme kukatika na kurudi kwa kishindo bado tunakujua. Fundi anasema kitu cha bei kikiungua utalia, cha bei rahisi ukikipoteza unanunua kingine. Stabilaiza au UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba, inalinda mashine nzima pamoja na skrini.

Kwenye stabilaiza simbishii. Kwenye UPS namuuliza swali. Umeme ukikatika, UPS nyingi za bei ya kawaida huchukua milisekunde kadhaa, hadi kama 10, kuhamia kwenye betri. Katika mwanya huo kompyuta inaishi kwa akiba iliyo kwenye kapasita kubwa ya pawasaplai, kama nyumba inavyoishi kwa simtank maji yanapokatika. Mwongozo wa ATX, wa viwango vya pawasaplai za kompyuta, unataka akiba hiyo idumu kati ya milisekunde 12 na 17, kutegemea mzigo. Boksi jepesi limekuwa jepesi kwa sababu, pamoja na mengine, simtank yake ni ndoo. Utanunua UPS na mashine bado inaweza kujizima.

Lakini hata mimi nikubali pigo moja. UPS za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa ngazi ngazi, si wimbi laini, na baadhi ya pawasaplai nzuri zenye mfumo wa kusawazisha uvutaji wa umeme, ule unaoitwa PFC, huukataa na kuzima ghafla. Boksi la fundi halina PFC, linakunywa chochote. Umenunua Gold, jirani kanunua takataka, umeme umekatika, na aliyebaki anacheza gemu ni yeye. Anayenunua Gold na anategemea UPS azijaribu pamoja kabla ya kuondoka dukani.

PFC hiyohiyo ina faida yake. Pawasaplai nyingi zenye nayo hupokea volti 100 hadi 240 bila kuchagua, kwa hiyo nguzo ya mwisho ya mtaa ikishuka saa mbili usiku kila mtu akipika na kupiga pasi, mashine haitingishiki. Za zamani zina kiswichi chekundu nyuma, 115 au 230. Mtoto akikisogeza kwenye 115 kisha ukachomeka ukutani kwetu, utasikia mlipuko na harufu ambayo haitoki chumbani wiki nzima.

Kosa jingine ni la upande wangu, sisi tunaosoma sana: kununua wati nyingi mno. Pawasaplai ya wati 850 kwa kompyuta inayokula 80 inafanya kazi chini ya asilimia 10 ya uwezo wake, na huko chini Bronze na Gold hazina kiwango cha kutimiza. Kiwango cha asilimia 10 kipo kwenye Titanium, daraja la juu kuliko Gold. Asilimia 90 uliyoilipia huipati. Kama huna kadi kubwa ya grafiksi, wati 450 au 550 zinatosha na kubaki.

Na wenye Dell OptiPlex au HP EliteDesk za mtumba, ambazo nadhani ndizo zilizojaa ofisi na steshenari za mji huu, mjadala huu wote unawapita pembeni. Nyingi kati ya hizo hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, na umbo la pawasaplai ni la kwao wenyewe. Gold ya dukani haitaingia. Kwao dawa ni kusafisha au kubadilisha feni, na hapo fundi anastahili hela yake, kwa sababu ndani mna kapasita inayoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Usifungue mwenyewe na bisibisi ya jikoni.

Mimi nilichukua Gold ya wati 550 yenye daraja A la kelele, nikaacha stabilaiza kwa mwezi uliofuata. Kwa mtu asiyerekodi, asiye na kompyuta zaidi ya moja, ningemwambia achukue Bronze ya kampuni inayojulikana na stabilaiza juu yake, yaani nusu ya ushauri wa fundi na nusu ya wangu. Boksi la wati 600 za stika simshauri mtu.

Siku ya pili nikampigia simu. "Fundi, iko kimya, lakini nikigusa keisi inanitekenya vidole."

"Si nilikwambia, dada! Mbovu hiyo, irudishe."

Haikuwa mbovu. Pawasaplai nzuri ina chujio la umeme pale mlangoni, na chujio hilo hupeleka mkondo mdogo sana kwenye bati ili uende ardhini. Pawasaplai yangu ya zamani haikuwa na chujio, ndiyo maana haikuwahi kunitekenya. Nilipofungua soketi ya ukutani, waya wa kijani na njano haukuwepo. Pini ya tatu ilikuwa pambo, tangu nyumba ijengwe.