Ekari 20 pembeni mwa Malindi: tukate ploti au tupandishe gorofa?

Kila likisikika shamba kubwa linataka kupangwa upya hapa pembeni mwa mji, liwe la minazi ya zamani au hoteli iliyofungwa, barazani maneno ni yale yale. Huyu asema wajenge gorofa vijana wapate pa kukaa, yule asema Malindi si Nairobi, kateni ploti kila mtu ajenge chake. Wote nawaelewa, ila hesabu hapigi mtu, na hapa bila hesabu tutateta mpaka kesho.

Tuseme ni ekari 20. Toa barabara, mitaro, shule, msikiti na kiwanja cha watoto (na hapo tusibane), zimebaki kama 14. Ukikata ploti za futi 50 kwa 100 wapata 120 hivi, basi. Sasa angalia mtaa wa Buxton kule Mombasa, ardhi ni kama ekari 14 hizo hizo, palikuwa na nyumba mia chache za zamani na mpango ukawa gorofa zenye nyumba zaidi ya 1,800. Tofauti ni kubwa mno.

Wa gorofa wana hoja nzito. Ploti 120 zitanunuliwa na wenye pesa, wengine wa Nairobi wengine wa ng'ambo, na mtoto wa mitaa yetu ya Barani au Maweni atazidi kusukumwa nje huko, kila siku nauli ya boda kwenda na kurudi, na mashamba ya korosho na maembe yazidi kuliwa na mabati. Pia bomba moja na barabara moja zikihudumia watu wengi, gharama kwa kila nyumba yashuka.

Lakini maji jamani. Maji yetu yatoka visima vya Baricho, kule mto Sabaki, na hayo hayo yanyweka Kilifi na Mombasa, pampu zikisimama sote twatazamana. Mtu mmoja lita 50 kwa siku ni kidogo tu, nyumba moja watu watano, nyumba 1,800 ni lita 450,000 kila siku, yaani malori 45 ya lita 10,000. Na yakishatumika yanaenda wapi? Wengi wetu twategemea sepitiki na vyoo vya shimo, na chini ni mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sponji, uchafu wa kwako waibukia kisimani kwa jirani. Hili ndilo lanitisha kuliko urefu wa gorofa wenyewe.

Halafu kuna mambo ambayo kwenye michoro hayaonekani. Mama anayechoma mahamri alfajiri, jiko la mkaa liko barazani, unga umeumuka usiku kucha kwenye karai, wateja wapita hapo hapo wakienda kazini. Mpandishe floo ya tano, mkaa ataupandishaje, na mahamri atamuuzia nani? Umeme ukipotea lifti yasimama na bibi mwenye magoti mabovu amefungwa juu. Na majengo yakibanana upepo wa kusi hauingii, usiku chumba ni tanuri. Hewa ya chumvi nayo yala nondo.

Mimi naegemea katikati, na mfano hauko mbali. Mji wa Kale wa Lamu, ule ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, umebanana kweli kweli na hauna mijengo mirefu. Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani ni gorofa moja au mbili juu, kuta nene, kiwanda (yaani ua wa ndani) katikati cha kuingiza mwanga na hewa, na wikio, kama daraja, lapita juu ya njia kuunganisha nyumba na nyumba ya ndugu. Watu wengi, ardhi kidogo, na hakuna anayehitaji lifti. Tukichukua wazo hilo, gorofa mbili juu, chini vibanda na baraza za biashara, tuseme nyumba 40 kwa ekari, zile ekari 14 zatoa 560. Maji lita 140,000, bado ni mengi lakini yanapangika, na mtambo wa kusafisha maji taka ujengwe kabla ya nyumba ya kwanza kuuzwa, si baadaye.

Wengine watasema 560 ni chache, na ni kweli, foleni ya wanaotafuta nyumba haitaisha. Ila naona bora 560 zenye maji kuliko 1,800 zenye mitungi kwenye ngazi.

La mwisho, na hili halina pande mbili kwangu. Pwani hii tuna nyumba bila ardhi, mtu ajenga na kumlipa mwenye ardhi kodi miaka na miaka lakini hati si yake, mambo yanayorudi nyuma mpaka ile sheria ya wakoloni ya hati za ardhi ya 1908. Shamba likipangwa upya huyu ndiye wa kwanza kuambiwa ondoka, na fidia hana. Basi kabla tingatinga halijaingia waandikwe wote jina kwa jina, mwenye nyumba na mpangaji wake, na kila mmoja ajue nyumba yake ni ipi kwenye ramani.