Nimesimangwa kwa Sisimizi Miaka Yote

Mimi na sisimizi hatuivi, na kosa si langu. Tangu utoto, kila nikijinyoosha kidogo tu, mtu mzima anachomoza: "Humwoni sisimizi? Mdogo vile, lakini hakai!" Nikadhani nikikua yataisha. Nimeoa, yako palepale. Nikijilaza kwenye kochi, naletewa sisimizi. Nikisahau kikombe mezani, sisimizi, tena hapo wanakuja wenyewe kwa miguu yao.

Juzi binti yangu akiwa anafanya kazi ya shule akaniuliza, "Baba, dulosisi ni nini?" Nikamjibu bila kusita kwamba ni dawa ya kikohozi. Akaniangalia kwa huruma, akasoma kwa sauti. Kumbe ni neno la wanasayansi, asili yake Kigiriki, doulos, yaani mtumwa. Wapo sisimizi wanaoishi kwa jasho la wenzao! Wanakwenda kwa msafara, wanavamia kiota cha jirani, wanabeba pupa na kurudi nazo kwao. (Pupa ya mdudu, si ile ninayosemwa nayo mezani. Ni yule mtoto aliyekwisha jifunika, anangoja kutoka akiwa mkubwa.) Akitoka, harufu anayoizoea ni ya kiota cha wezi, basi anajua yuko kwao. Anachimba, analea watoto wa watu, analisha mabwana mdomoni. Hakuna mnyororo wala mlinzi mlangoni.

Nikakaa vizuri. "Rudia hapo pa kulishwa mdomoni."

Akarudia. Kuna jamii inaitwa Polyergus, na jina hilo limeungwa kwa maneno ya Kigiriki ya "wingi" na "kazi". Kazi nyingi! Taya zake zimechongoka kama jambia, nzuri kwa kutoboa kichwa cha adui, lakini kulea hawezi, hata kujilisha ni shida. Malkia wake ndiye kiboko. Anaingia peke yake kwenye kiota cha watu, anamng'ata malkia mwenye nyumba mpaka anakufa, huku anamlamba ajipake harufu yake. Muda si mrefu wale waliokuwa wanamshambulia wanamhudumia kama mama yao. Nimewahi kuona mtu akipanda cheo hivyohivyo, ila yaishie hapo, kazi bado naitaka.

Nikapaza sauti kuelekea jikoni: "Mama watoto! Umesikia? Miaka yote mnanisimanga na sisimizi, kumbe wapo wanaolishwa!"

Nilikosea kupaza sauti. Akatoka anafuta mikono, akachukua kile kitabu, akaendelea pale binti alipoishia. Eti Mswisi mmoja, Pierre Huber, aliyeandika habari zao mwaka 1810, alifungia Polyergus 30 ndani ya sanduku, akawawekea asali na watoto wao. Chakula hicho hapo, mbele ya pua! Hawakufanya lolote, wengi wakafa njaa. Akatumbukiza mtumishi mmoja tu, wa jamii nyingine. Yule akaanza kazi palepale: akawalisha waliobaki, akachimba vyumba, akakusanya watoto, nyumba ikasimama.

Mke wangu akafunga kitabu. "Baba watoto, nilipokwenda msibani siku tatu, ulikula nini?"

Nikanyamaza. Chakula alikiacha kwenye jokofu, kimefunikwa vizuri. Mimi nilingoja kipashwe.

Nikajaribu kugeuza maneno, nikamwuliza binti kama hao watumwa huwa hawagomi. Wapo wanaogoma, akasema. Kuna jamii ya Marekani, wale wadogo kabisa, mtumwa anamtunza mtoto wa bwana vizuri tu mpaka afikie pupa, kisha anamrarua au anamburuta nje akafie huko. Mama yake akacheka kicheko kirefu ambacho sikukipenda.

Nikanyanyuka niende jikoni kuosha kikombe changu, waone. Nimefungua makabati manne. Sabuni sijui inakaa wapi.