Bei Zimetulia, Lakini Mshahara Je?

Kwa upande wa bei, serikali ya Kenya ina haki ya kujipiga kifua. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6, Oktoba 2024 ulikuwa 2.7. Dola iliyokaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 ilishuka hadi takriban 129. Anayekumbuka pakiti ya unga ya kilo mbili ikivuka shilingi 200 mwaka 2022 hawezi kusema hakuna kilichobadilika.

Ila mfumuko kupungua si bei kushuka. Bei bado zinapanda, polepole tu, na wakati huohuo kilichobaki mfukoni kimepungua. Mchukue mwajiriwa wa shilingi 100,000 kwa mwezi. Hadi Januari 2023 alikatwa 200 za NSSF, yaani akiba ya uzeeni, na 1,700 za NHIF, bima ya afya ya wakati huo. Kufikia Februari 2025 NSSF ilikuwa imefika 4,320, SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, 2,750, na ushuru wa kujenga nyumba za bei nafuu 1,500. Kutoka 1,900 hadi 8,570, bado PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara.

Watetezi wa makato haya wana hoja. NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Tangu mwisho wa 2024, makato yote matatu huondolewa kabla ya PAYE kukokotolewa, kwa hiyo sehemu inamrudia. Ushuru wa nyumba nao unawalipa waashi na vibarua kwenye maeneo ya ujenzi, na wao pia hula, hupanda matatu, hulipa kodi ya pango. Pesa hazijapotea, zimebadilisha mikono.

Sawa, lakini zimetoka mikono ipi? Zile elfu kadhaa ndizo zilizokuwa zikienda kwa kinyozi, kwa fundi wa nguo, kwa mwenye kibanda cha nyama choma Jumamosi. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wako katika sekta isiyo rasmi, na wengi wao wateja wao ni hawa wenye mishahara. Saruji inayomwagwa mtaa mwingine haimletei kinyozi huyu kichwa cha kunyoa. Hapo ndipo hesabu ya serikali inaponishinda kuikubali.

Wengine huonyesha ununuzi wa kadogo, yaani wa vipimo vidogovidogo, kama ushahidi wa umaskini mpya. Sikubaliani sana. Sukari ya robo na mafuta ya kupikia ya kupima vilikuwepo kabla ya makato haya. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, hata kama kwa lita analipa zaidi. Anayefaa kutazamwa ni mwalimu aliyezoea kubeba mtungi wa lita tatu kila mwisho wa mwezi, na sasa ikifika tarehe 20 anatuma mtoto na chupa ya kupimiwa. Takwimu za mfumuko wa bei hazimwoni, maana zenyewe hupima bei tu.